Shangazi wa Kisimani

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata likizo. Bosi wa kiwanda cha uchapaji amekubali shingo upande, akaniandikia kwenye karatasi: "Na mashine ya kukata nani ataivumilia?" Mashine hiyo ina kelele za kufukuza panya. Wenzangu wanaziba masikio kwa pamba, mimi nafanya nayo kazi huku natabasamu. Ndiyo faida pekee ya ukiziwi ambayo bosi anaijua, na huwasimulia wageni kana kwamba yeye ndiye aliyeibuni.

Sababu ya likizo ni kubwa: kikundi chetu cha maigizo kimechukuliwa kwenye filamu. Kikundi kizima! Filamu ya kutisha, ya enzi za mababu wa mababu, yenye kijiji, kisima na laana. Mwongozaji alikuja ukumbini kututazama tukifanya mazoezi, akasimama mlangoni mdomo wazi, kisha akamwambia mdogo wangu hajawahi kuona nyuso zinazosema kiasi hicho. Mdogo wangu ndiye mkalimani wetu. Anasikia vizuri mno, hata yasiyomhusu.

Nimetembea hadi nyumbani kichwa juu. Siku zote tunacheza mbele ya viti vya plastiki na ndugu zetu wenyewe. Sasa ni kamera.

Jumatano, 5 Machi

Mvua imeanza. Mwongozaji anaitaka hasa, anasema matope ya kweli hayapakwi kwa brashi.

Alhamisi, 6 Machi

Sisi viziwi hatumwiti mtu kwa jina lake. Tunampa alama, na ikishamkaa haimtoki. Leo tumemaliza kuwabatiza. Mwongozaji ni Skafu: anavaa skafu ya sufi jua na mvua, nasi tunamwita kwa kuzungusha kidole shingoni. Staa wetu, anayecheza mke wa mkuu wa kijiji, ni Kope, kwa zile kope za bandia ambazo akipepesa unahisi upepo. Fundi sauti ni Masikio, na hapo hatukujisumbua kufikiri.

Kwetu kikundini wapo Kidoti, binti mwenye doa shavuni, atakayekuwa maiti wa kisimani, na Mzee Kidevu, fundi viatu mwenye ndevu za beberu. Mzee Kidevu anacheza dama kwa wizi, na akikamatwa anafumba macho. Kiziwi akishafumba macho umgombeze vipi?

Mahali penyewe ni shamba lililoachwa, nje ya mji. Banda kubwa la bati limegeuzwa kijiji, lina vibanda vya udongo, majiko, hata kuku. Nje mafundi wamejenga kisima cha mawe ambacho hakina tone la maji.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesoma muswada wote. Masikio yangu yalikwenda na homa nikiwa darasa la tatu, lakini kusoma nilikuwa nimeshakudaka, na tangu hapo hakuna maandishi yaliyonipita.

Hadithi ni hii. Ukame unapiga kijiji, wazee wanamtupa binti kisimani awe kafara, mvua inakuja. Kisha binti anarudi na wafu wenzake. Wanaitwa Wasiosema, na kila wanayemgusa anapoteza sauti na masikio papo hapo. Kijiji kinakimbia kimya kama watu wanavyokimbia moto.

Nilimuuliza mdogo wangu: "Kwa hiyo kinachowatisha ni kuwa kama mimi?"

"Dada, ni filamu tu."

Ni filamu tu. Sawa. Kazi ni kazi, na mimi ndiye kiongozi wa mizimu.

Jumatatu, 10 Machi

Siku yetu ya kwanza mbele ya kamera! Tulipakwa chokaa usoni, tukavishwa magunia, tukapangwa kuzunguka kisima kwenye ukungu wa mashine. Nikamuuliza Skafu kupitia mdogo wangu: tunasema nini?

"Chochote," mdogo wangu alinitafsiria. "Anasema chezesheni vidole tu, polepole, iwe ya kutisha. Kwani nani ataelewa?"

Nani ataelewa! Basi tukachezesha. Mimi nilinyanyua mikono juu ya kisima nikatamka kwa utulivu wa kaburini: "Wali wa leo umeungua." Kidoti akainuka kisimani macho yamemtoka, akajibu: "Na mchuzi wake ungefaa kuogea." Mzee Kidevu akajitokeza nyuma kama aliyefufuka jana, akautangazia ulimwengu kwamba skafu ya mwongozaji inanuka mbwa aliyelowa. Skafu mwenyewe alikuwa nyuma ya kamera, machozi yanamlengalenga kwa furaha. Kope alitetemeka kweli, hakuigiza. Walituambia ni tukio bora tangu kazi ianze.

Mdogo wangu nilimkuta nyuma ya jenereta, amekaa chini kwenye matope, anafuta machozi ya kicheko. Garini tuliirudia njia nzima. Sijacheka hivyo tangu mwaka juzi.

Jumatano, 12 Machi

Tumekimbiza wanakijiji mchana kutwa. Miguu inawaka.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Mzee Kidevu ameiba kete mbili za Kidoti, akafumba macho. Kidoti alimvuta ndevu mpaka akafumbua.

Jumanne, 18 Machi

Skafu alituita kwenye chumba cha kuhariri tujione. Ni chumba kilichokuwa cha msimamizi wa shamba. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na mezani kuna kioo kikubwa cha kompyuta.

Sijui nianzie wapi. Yule kwenye kioo alikuwa mimi, lakini mimi ambaye sijapata kumwona. Taa ilinimulika ubavuni. Mikono yangu, ambayo mama alizoea kuipiga kofi ili itulie mbele za watu, ilijaa kioo kizima, na kila kidole kilikuwa wazi. Nilikuwa mzuri. Naandika bila haya: nilikuwa mzuri wa kutisha. Na mzuri huyo alikuwa anasema wali umeungua.

Wenzangu walivunjika mbavu. Mimi nilianza kucheka nao, kicheko kikanikauka.

Niliwafikiria watoto wa shule yetu ya viziwi wakiletwa kuiona. Mikono kama yao, kwenye ukuta mkubwa kuliko nyumba, kwa mara ya kwanza. Watacheka sana, hilo najua. Lakini wakirudi bwenini watakuwa wamebeba nini? Wanaosikia wataondoka na mizimu, wetu wataondoka na wali. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sisi tupo, tumepakwa chokaa kabisa, na letu bado halipo.

Nimeona aibu, nimeona na uchu. Nataka tukio hilo lirudiwe. Na nataka ndani ya filamu hii awepo kiziwi mmoja aliye hai.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekitangazia kikundi kwamba nitamwambia Skafu ukweli. Ilikuwa vita ya mikono. Kidoti alisema ndiyo kazi yake ya kwanza ya maana na mimi nataka kuichoma kwa ajili ya mzaha. Mzee Kidevu alikuwa mkali kuliko wote: "Ukimwambia, tunafukuzwa. Na mjini tutarudi kwa miguu, kwenye hili tope!"

"Tukinyamaza, tumejifukuza wenyewe," nikasema.

Akafumba macho.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwambia Skafu. Nilieleza yote: wali, mchuzi, mbwa aliyelowa. Nikamwambia kimya chetu si laana. Nikamwambia anachofanya ni kuwaogofya watu kwa sura zetu. Mdogo wangu akatafsiri. Skafu akatabasamu, akanipa mkono, midomo yake ikasema asante.

Mtu aliyeambiwa anavaa mbwa aliyelowa hatabasamu. Hapo nilijua nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na aliyeshika chupa ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Nilimngoja nyumbani. Alijitia kuosha vyombo, na kwetu mwenye mikono kwenye povu ana ruhusa ya kutojibu. Nikasema yangu yote, yeye anasugua sufuria moja tu. Nikamuuliza nani kampa kazi ya kunichujia maneno. Mwishowe akajifuta mikono kwenye sketi.

"Dada, unajua nimemeza mangapi tangu utotoni? Mwenye duka akikutusi, nakwambia hana chenji. Mwalimu akikucheka, nakwambia anakusifu mwandiko. Baba mkubwa alipokataa usikae meza kuu harusini, nilikwambia viti vimepungua. Nimezoea kumeza. Yako yakipita kwangu nayameza pia, bila hata kujua."

Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni. Nilikuwa nikimwona mwoga. Kumbe alikuwa amesimama mbele yangu siku zote, anapokea mawe. Nilimkasirikia na kumpenda kwa wakati mmoja, na sikujua kipi kianze.

"Kesho usimeze," nikamwambia. "La kwake nipe lote, la kwangu mpe lote."

"Na tukifukuzwa?"

"Tutakuwa tumefukuzwa kwa kauli yangu, si kwa yako."

Jumanne, 25 Machi

Hakumeza. Nilimtazama usoni nikaona maneno yangu yanatoka yana meno. Tabasamu la Skafu lilianguka. Mdogo wangu alipofika kwenye mbwa aliyelowa, Skafu aliivua ile skafu, akainusa.

"Mmenichezea," alisema.

"Tulikuuliza tuseme nini. Ulisema nani ataelewa."

Kisha akaja na lile kubwa lake: "Dada, filamu hii ni ya zamani. Enzi hizo hakukuwa na shule za viziwi, hakukuwa na lugha ya alama. Nimefanya uchunguzi mpaka wa vifungo vya nguo!"

"Vifungo umechunguza, watu umewaruka. Kwani viziwi tulianza kuzaliwa shule ilipojengwa? Kila kijiji kilikuwa na wake. Alilima, alioa, aligombana na jirani. Mama yake hakumsubiri mwalimu ili azungumze naye."

Nikampa wazo langu. Awepo shangazi wa kijiji, kiziwi. Wasiosema wakija, wote wanakimbia kimya. Yeye hakimbii, maana kimya ni kwao. Ndiye pekee anayeweza kuzungumza na binti wa kisimani, na ndiye anayepata kujua nani alimtupa.

Nilimwona Skafu akiliona. Naapa aliliona, macho yalimtoka sekunde moja. Kisha akajikusanya, akasema muswada umeshafungwa, wenye filamu hawatakubali, na sisi tukae nyumbani mpaka atakapotuita.

"Hayo ndiyo yote?" nilimuuliza mdogo wangu njiani.

"Ameongeza kwamba una kichwa kigumu na hujui shukrani."

"Asante." Nilimaanisha.

Jumanne, 1 Aprili

Hakuna ujumbe. Kidoti hanitazami, na kwetu kutotazamwa ni kufungiwa mlango usoni.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mdogo wangu kaniuliza kama najuta. Nimemwambia sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikufa darasa la tatu.

Ijumaa, 4 Aprili

Najuta kidogo. Kwa ajili ya Kidoti.

Jumatatu, 7 Aprili

Tumeitwa!

Tumefika shambani tukakuta msiba. Mvua imeshikilia lile banda la bati tangu wiki iliyopita, na mdogo wangu anasema ndani ni kama kukaa kwenye ngoma inayopigwa na wendawazimu. Watu wanapaziana sauti sikioni na bado hawasikilizani. Masikio anavaa vile vidude vyake, anasikiliza, anatikisa kichwa, anavua. Hakuna neno hata moja lililorekodiwa siku nyingi. Waigizaji wenye masikio yao mazuri wamekaa wanacheza karata. Kisima cha bandia kimejaa maji ya kweli mpaka ukingoni, vyura wamehamia.

Sisi tuliingia tukasalimiana, tukauliziana habari za nyumbani kutoka pembe moja ya banda hadi nyingine, bila shida yoyote. Watu waliacha karata wakatuangalia. Sitasema uongo, nilijisikia tajiri. Leo banda zima walikuwa viziwi isipokuwa sisi.

Kope ndiye aliyetuita. Sikumtegemea, nilimwona mwanamke wa kioo na poda. Alikuja mwenyewe, amelowa, kope moja imebanduka, akasema huku mdogo wangu amemtegea sikio karibu na mdomo:

"Mimi sina huruma na mtu, usije ukanielewa vibaya. Tukio la mwisho nimeandikiwa nipige kelele peke yangu mbele ya shimo. Nimepiga mara kumi na kitu, nimechoka. Nipeni mtu wa kucheza naye. Nimesikia una shangazi."

Nikamgeukia Skafu. Alikuwa hana skafu, na shingo yake ni nyembamba kuliko nilivyodhani.

"Mvua haituhusu," nikamwambia. "Washa taa."

Alitazama bati, akamtazama Masikio, akanitazama mimi. "Siku moja," alisema. "Siku moja tu, na wenye filamu wakiona haifai, nakata. Sikuahidi kitu."

Jumatano, 9 Aprili

Mazoezi. Nilimcheza shangazi kwa lugha yetu safi, ile tuliyofunzwa shuleni. Nilikuwa najipendeza sana. Mzee Kidevu alikaa kwenye ndoo akinitazama kama anayeangalia kiatu kilichoshonwa vibaya. Alivumilia, alivumilia, mwisho akarusha kofia chini.

"Huyo ni mwalimu wa zamu! Shangazi wa kijijini gani anaongea hivyo? Amesoma wapi?"

"Tuoneshe wewe, basi."

Hapo alinywea. Mzee Kidevu hakusoma shule. Alikulia shambani peke yake na mama yake, na alama walizozungumza nazo walizitunga wenyewe, wawili, jikoni kwao. Alipokuja mjini wenzetu walimcheka, wakaziita alama za porini. Akazificha. Nimemjua miaka yote hiyo, sijawahi kuziona hata moja.

Lakini mzee huyu ana ubishi kuliko aibu. Hakuweza kuvumilia nikosee mbele yake. Aliinuka, akajifuta matope, akaonesha. Mtoto: mkono unapapasa mgongoni, kama umembeba. Maji: vidole vinaning'inia halafu vinalegea. Mtu mbaya: kumpa bega. Zilikuwa alama fupi, za mtu ambaye mikono yake ina kazi nyingine ya kurudia. Hakuna aliyecheka. Kidoti alikuwa wa kwanza kunyanyua mkono na kumwiga, akapapasa mgongo wake polepole.

Skafu alikuja mbio na karatasi zake, anataka shangazi amwombee binti, avunje laana kwa maneno mazito. Mzee Kidevu alimtazama kwa masikitiko.

"Mtoto ametupwa kisimani, katoka kalowa, usiku," alisema, mdogo wangu akitafsiri kila kitu bila kumeza. "Kwanza muulize kama amekula. Laana mtazungumza baadaye."

Skafu alizikunja karatasi akazitia mfukoni.

"Mama yako alikuulizaje?" nikamwuliza mzee.

Alisita. Kisha akaweka kiganja tumboni, akakifungua kuelekea kwangu, na nyusi zikapanda. Akageuka upesi akaanza kuitafuta kofia yake, ingawa ilikuwa miguuni pake.

Ijumaa, 11 Aprili

Nataka niandike hii vizuri, maana sitaki niisahau hata nikiwa kikongwe.

Mvua ilikuwa ikimwagika. Mpangilio ulikuwa hivi: turubai imetandwa juu ya kisima, ukungu, wanakijiji wamejibana ukutani mwa banda, Kope mbele yao amejishika koo, sauti imeshamtoka. Mimi naingia na kibatari, nimevaa gauni la kaniki, nimefunga kitambaa kichwani. Sina chokaa. Sura yangu mwenyewe, na rangi yangu, na makunyanzi yangu ya kukodolea chapa ndogo.

Kidoti akatoka kisimani. Yale maji yalikuwa ya kweli na ya baridi, na aliinuka akitetemeka vile ambavyo hakuna mwongozaji angeweza kumfundisha. Wanakijiji wakarudi nyuma. Mimi nikasogea. Nikaweka kibatari chini ili mikono iwe huru. Nikapapasa mgongo wangu: mtoto. Nikaweka kiganja tumboni, nikakifungua kwake.

Uso wa Kidoti ulibadilika. Alitakiwa anijibu kwamba wazee ndio waliomtupa. Alijibu, ndiyo, lakini kwanza alilia, kilio ambacho hakikuwa kwenye mazoezi, na akaukalia ukingo wa kisima kama mtoto aliyechoka. Nikamvisha kitambaa changu. Kisha alipowanyoshea bega wazee wa kijiji, mmoja mmoja, nikageuka nikawatazama. Sikufanya chochote, niliwatazama tu. Na wale waigizaji wakubwa, wanaume wazima, waliinamisha macho.

Kope alitakiwa apige ukelele usiosikika. Hakupiga. Alipiga magoti kwenye tope, akaweka kiganja tumboni pake, akakifungua kwa yule binti, vibaya vibaya, vidole vimekakamaa, kama mtu anayejifunza hapo hapo.

Taa zilipobadilika nilijua Skafu amesema kata. Nikageuka. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mpiga picha alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa cha kufutia lenzi. Masikio, ambaye hakuwa na kazi siku nzima, alikuja akasimama mbele yangu, akanishika mkono akautikisa mpaka bega likauma.

Mdogo wangu ananiambia kwa nje ilikuwa kelele tupu. Simwamini kabisa. Mimi nilisikia kila kitu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimelala mpaka saa sita mchana. Malkia hulala.

Jumanne, 15 Aprili

Tumerudia lile tukio la mizimu, Skafu ameomba mwenyewe. Safari hii kila mzimu unamwita mtu aliyemwacha nyumbani, kwa alama za Mzee Kidevu. Mzee ndiye mwalimu, na amekuwa hatari. Amenirudisha nyuma mara nyingi kwa sababu ya kidole gumba. Mchana alimwibia kete Skafu, na Skafu akafumba macho kabla yake. Huyu mtu anajifunza.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimerudi kiwandani. Mashine inanguruma, naihisi kwenye nyayo. Bosi ameuliza kama sasa atahitaji miadi ili kuniona.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua zinapungua. Skafu ameandika: wenye filamu wametazama, wamegawanyika. Mmoja anasema watazamaji hawatamwelewa shangazi, na kutisha kumepungua. Yeye anabishana nao. "Sijui itakuwaje," kaandika. Nimelisoma mara nyingi, halikubadilika.

Ijumaa, 2 Mei

Kesho wanatuonesha ilivyounganishwa, ukumbini kwetu. Hajasema kama shangazi yumo. Mdogo wangu amempigia simu, kaambiwa "njooni tu." Nimemwuliza mara mbili kama amemeza kitu. Ameapa hajameza.

Jumamosi, 3 Mei

Jua limewaka. Tulifunga mapazia ya ukumbi mchana kweupe, tukabandika shuka kubwa ukutani. Viti ni vile vile vya plastiki. Kikundi chote kilikuja, na ndugu, na walimu wa shule yetu na watoto wa darasa la juu wakiwa na sare zao. Skafu na Kope walikaa nyuma. Nilikaa mbele, katikati ya mdogo wangu na Mzee Kidevu.

Filamu ilianza. Kijiji, ukame, wazee, binti anatupwa. Wasiosema wakaja, na watoto wa shule wakaruka kwenye viti, kisha nikaona mikono yao inaulizana gizani: wanaita nani? Wanamwita mama. Wanamwita kaka. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nahesabu matukio. Sasa wanakimbia. Sasa Kope anashika koo. Sasa kisima. Kama wamekata, watakata hapa.

Ukungu ukasimama pale, mrefu, hauna mtu. Kisha mwanga wa kibatari ukaingia kutoka kushoto, na nyuma yake nikaingia mimi.

Nilikuwepo. Nilikuwepo mzima, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka tope la miguuni, na hawakuweka maandishi chini. Mdogo wangu alinifinya paja. Nyuma yetu watoto walikuwa wamesimama wote, mwalimu anawavuta wakae, hawakai. Shangazi akaweka kibatari chini. Akapapasa mgongo. Akaweka kiganja tumboni, akakifungua, na safari hii kamera ilikuwa upande wa binti, kwa hiyo kile kiganja kilitufungukia sisi tuliokaa ukumbini, kikubwa, kikaujaza ukuta wote.

Nilihisi kitu kinatikisika kando yangu, nikageuka. Mzee Kidevu hakuwa ananitazama mimi, wala hakuwa akijua kama mtu anamwona. Macho yalikuwa kwenye ule mkono. Alikuwa ameinua wake, taratibu, akaugusisha tumboni, kisha akaulaza kifuani: nimekula, nimeshiba. Akarudia. Akarudia tena, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa jikoni akafika kwa wakati.

Nikageuza uso wangu mbele, nikamwacha azungumze na mama yake.